Wanafunzi wa programu wafanyie mazoezi daftari la kikoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie namna tunavyowafundisha vijana wetu kutengeneza programu za kompyuta. Nafundisha somo hilo katika chuo kidogo hapa Tanga, darasa la jioni. Wengi wa wanafunzi wangu ni watu wenye shughuli zao mchana: karani wa duka la dawa, fundi simu, mwalimu wa shule ya msingi, binti anayemsaidia mama yake kuuza vitumbua Ngamiani. Wanakuja na hamu ya kujenga kitu kitakachotumiwa na watu. Somo wanaloliona la kuchosha kuliko yote ndilo ninaloamini linabeba kazi nzima, nalo ni modeli za hifadhidata na uhusiano baina yake.

Niwaeleze kwanza wasiokuwa wa fani hii. Programu yoyote inayotunza kumbukumbu, iwe ya zahanati, ya benki au ya kukata tiketi za basi, huziweka katika majedwali. Wazo la kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana lilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, na hadi leo sehemu kubwa ya kumbukumbu za dunia inakaa katika mpangilio huo. Lugha ya kuyahoji majedwali hayo ni SQL. Hata hivyo, waandishi wengi wa programu siku hizi hawaandiki SQL wao wenyewe. Wanatumia maktaba ya programu inayolifanya kila jedwali kuwa modeli, na kila mstari wa jedwali kuwa kitu unachoweza kukiuliza: mwanachama huyu ana mikopo ipi? Mkopo huu ulidhaminiwa na nani? Wanaotumia lugha ya Java wana Hibernate tangu 2001, Ruby on Rails ilitoka 2004 ikiwa na Active Record yake, Django ya Python ikatoka 2005, na wanaotumia JavaScript wengi wanaijua Sequelize. Sisi wa kazi hii maktaba za namna hii tunaziita kwa kifupi ORM, yaani object-relational mapping.

Tatizo langu ni mazoezi. Karibu kila somo la ORM linalopatikana mtandaoni humpa mwanafunzi mwandishi na vitabu: mwandishi ana vitabu vingi, kitabu ni cha mwandishi mmoja. Mwanafunzi ananakili, anaendesha, inakubali, anafurahi. Lakini kitabu hakidaiwi fedha, hakihami kikundi wala hakimdhamini mwenzake. Hakuna swali gumu lililoulizwa, kwa hiyo hakuna uamuzi uliofanywa. Siku kijana huyo anapoitwa na SACCOS ya walimu kutengeneza mfumo wa mikopo, ndiyo siku ya kwanza anakutana na uhusiano wa kweli, na anakutana nao juu ya fedha za watu.

Ndiyo maana darasani kwangu zoezi kuu ni kikoba. Mimi ni mwanachama wa kikoba, na wanafunzi wengi wana mama, shangazi au dada aliyemo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilipata sura yake ya sasa kule Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, kwa hiyo kanuni zake zimepigwa msasa na akina mama kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanafunzi hahitaji kubuni kanuni yoyote. Zimeandikwa katika katiba ya kikundi na anaweza kuziuliza nyumbani jioni hiyo hiyo: hisa, mfuko wa jamii, faini ya kuchelewa, mkopo, wadhamini, mgao wa mwisho wa mwaka.

Ninapowapa zoezi hili, nawazuia kugusa kompyuta kwa muda. Wanachukua karatasi na penseli, wanachora visanduku na mishale. Kisanduku cha kwanza wanachokichora huwa ni Mwanachama, na hapo hapo ugomvi mzuri unaanza: mwanachama atatambuliwa kwa nini? Kwa jina haiwezekani, maana kikundi cha watu thelathini hapa pwani kinaweza kuwa na Mwanaidi Juma wawili na Zainabu Salimu wawili. Wengi hukimbilia namba ya simu. Basi tunaijadili: mtu hubadilisha laini, mama na binti hutumia simu moja, na namba iliyoachwa muda mrefu hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine kabisa. Wengine hupendekeza namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, yenye tarakimu 20, lakini si kila bibi aliyemo kikundini anayo mkononi, na kuikusanya bila sababu ni mzigo wa kisheria ambao nitaugusa mbele. Mwishowe wanaelewa kwa nini ORM humpa kila mwanachama namba yake ya ndani isiyo na maana yoyote nje ya hifadhidata. Namba hiyo haibadiliki mtu akiolewa, akihama au akipoteza simu. Django huifanya yenyewe usipoiandika, na mwanafunzi aliyepita katika mjadala huu anajua inamlinda na nini.

Swali la pili ni la mtu aliye katika vikoba viwili. Mwenye mazoezi ya mwandishi na vitabu ataweka ndani ya Mwanachama safu moja ya "kikoba" na kuendelea. Lakini wanawake wengi wa biashara ndogo wana kikoba cha mtaani na kingine cha sokoni. Huu ni uhusiano wa wengi kwa wengi, na ORM zote kubwa zinao: Django ina `ManyToManyField`, Sequelize ina `belongsToMany`, Rails ina njia mbili za kuutengeneza. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na wanafunzi wangu. Njia nyepesi huunganisha tu mtu na kikundi kupitia jedwali la katikati ambalo mwanafunzi halioni. Lakini tukiuliza: alijiunga lini? Mwaka jana alikuwa mweka hazina, mwaka huu ni mjumbe wa kawaida, hilo tuliandike wapi? Haliwezi kukaa kwa Mtu, maana huyo huyo ni mwenyekiti katika kikoba kingine. Haliwezi kukaa kwa Kikoba, maana kina watu wengi. Mahali pake ni kwenye uhusiano wenyewe. Jedwali la katikati linapewa jina, Uanachama, linakuwa modeli kamili yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na cheo. Django inaliunganisha kwa `through`, Rails kwa `has_many :through`. Nimeona nyuso za wanafunzi zikibadilika wanapoligundua hili kwa penseli kabla ya kuliona kwenye skrini, na sijapata zoezi jingine linalolifikisha haraka hivyo.

Kisha wadhamini. Katika vikundi vya VICOBA, wanachama hugawanywa katika vikundi vidogo vya watu watano wanaodhaminiana. Mkopo mmoja una wadhamini kadhaa, na mtu mmoja anaweza kuwadhamini wengi. Mkopaji ni mwanachama, mdhamini ni mwanachama, mweka hazina aliyehesabu fedha ni mwanachama pia. Mwanafunzi akiandika katika modeli ya Mkopo viungo viwili vinavyokwenda kwa Mwanachama, kimoja cha mkopaji na kingine cha aliyetoa fedha, Django inakataa kuendelea: ukisimama kwa mwanachama na kuuliza "mikopo yake", haijui unataka aliyokopa au aliyotoa. Dawa ni kuvipa viungo majina ya kurudia kwa `related_name`, mathalani `mikopo_aliyokopa` na `mikopo_aliyotoa`. Kosa hilo likitokea darasani nafurahi, kwa sababu maktaba imemuuliza mwanafunzi swali ambalo katibu wa kikoba angemuuliza.

Vipi mtu kujidhamini mwenyewe? Kila mwanafunzi anajua haifai. Kuizuia ndiyo kazi. Kizuizi cha kawaida cha hifadhidata huangalia mstari mmoja wa jedwali moja, ilhali mkopaji ameandikwa katika jedwali la Mkopo na mdhamini yuko katika jedwali la Udhamini. Basi ukaguzi huo inabidi uandikwe ndani ya programu, au kwa amri maalumu ndani ya hifadhidata, na mwandishi achague akijua udhaifu wa kila njia. Lakini mtu mmoja kuandikwa mara mbili kama mdhamini wa mkopo ule ule kunazuilika kirahisi na hifadhidata yenyewe. Kijana anajifunza kipi akikabidhi kwa hifadhidata na kipi akibebe mwenyewe.

Sasa nifike kwenye swali ninaloliona zito kuliko yote, la kufuta. Mwanachama ameondoka kikundini, au Mungu amemchukua, na ana mkopo ambao haujaisha. Mwanafunzi anabonyeza "futa". Nini kitokee? Tangu toleo la 2.0 lililotoka Desemba 2017, Django haikubali uandike `ForeignKey`, yaani kiungo cha kutoka jedwali moja kwenda jingine, bila kujibu swali hilo kwa `on_delete`. Wengi wanaandika `CASCADE` kwa sababu ndiyo iliyoko katika kila mfano walionakili. Maana yake ni kwamba mwanachama akifutwa, mikopo yake, marejesho yake na udhamini wake vyote vinafutika naye. Kikundi kinabaki na sanduku ambalo fedha zake hazilingani na kitabu, na hakuna atakayeweza kueleza pengo limetoka wapi. Ukichagua `SET_NULL` mkopo unabaki lakini hauna mwenyewe. Ukichagua `PROTECT` programu inakataa kumfuta mtu mwenye mkopo.

Nawauliza wanafunzi: katika daftari la karatasi, katibu hufanyaje? Hachani ukurasa. Anaandika "ametoka" na tarehe, na deni linaendelea kusomeka mpaka wadhamini au warithi walimalize. Kwa hiyo jibu la kikoba ni `PROTECT` kwenye mkopo, pamoja na tarehe ya kutoka kwenye Uanachama, na kitufe cha kufuta kiondolewe kabisa mikononi mwa mtumiaji wa kawaida. Hilo ni jibu la fedha. Kwa kitu kingine, kama picha ya mwanachama, `CASCADE` ni sahihi kabisa. Ninachotaka ni kijana afikie neno hilo akiwa ameshajibu swali, asilikute limeshaandikwa.

Nitoe mfano mwingine ambao si wa fedha, maana naona watoto wetu wanaumeza bila kuutafuna. Masomo mengi yanapofundisha uhusiano wa mmoja kwa mmoja hutumia mume na mke. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake zaidi ya mmoja. Mwanafunzi wa Tanga anayeandika `OneToOneField` kati ya mume na mke kwa ajili ya mfumo wa bima au wa mirathi ametengeneza programu itakayomkataa mke wa pili, mama mwenye cheti halali mkononi. Na hata kwa ndoa ya mke mmoja kuna talaka, kufiwa na kuolewa tena. Ndoa yenyewe inastahili kuwa modeli, yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama Uanachama ulivyostahili.

Wapo walimu wenzangu wanaosema dawa ni kuachana na ORM, vijana wafundishwe SQL peke yake. Nawaheshimu lakini siafikiani nao. Kazi zinazotangazwa zinadai Django, Laravel, Rails, na kijana asiyezijua hataitwa kwenye usaili. Ninachofanya ni kuwalazimisha waone SQL iliyoko chini. Katika Django unaweza kuchapisha `.query` ya ulichokiomba, katika Rails unatumia `to_sql`. Wanaisoma kwa sauti. Halafu nawafungulia SQLite, hifadhidata ndogo tunayoitumia darasani, moja kwa moja, bila Django, tunaingiza mkopo wa mwanachama namba 999 ambaye hayupo. SQLite inaupokea bila kulalamika, kwa sababu kwa desturi haikagui ufunguo wa nje (ile `ForeignKey`) mpaka uiamuru kwa `PRAGMA foreign_keys = ON`. Django huitoa amri hiyo kwa niaba yetu. Aliyeliona hilo kwa macho yake anajua ulinzi wake unatoka wapi na unakoma wapi.

Pia wanaona uzito. Orodha ya wanachama 30 pamoja na mikopo yao, ikiandikwa kwa uzembe, huipelekea hifadhidata maombi 31: moja la orodha, na moja kwa kila mwanachama. Ukiongeza `prefetch_related`, inayoileta mikopo yote kwa pamoja, yanakuwa mawili. Kwenye laptopu ya darasani tofauti haionekani. Programu ikishapandishwa kwenye seva ya kukodi, na hifadhidata ikikaa kwenye mashine nyingine, kila ombi ni safari, na katibu aliyeko Pangani na simu yenye mtandao wa kusuasua ndiye anayesubiri ukurasa ufunguke.

Kuna jambo dogo la lugha ya majina, nalitaja kwa wanaojifunza peke yao. Andikeni modeli zenu kwa Kiswahili bila woga: Mkopo, Hisa, Rejesho. Django itawaandikia "Mkopos" katika kurasa za msimamizi kwa kuwa inaongeza herufi ya wingi ya Kiingereza. Wekeni `verbose_name_plural` iseme "Mikopo", na kazi iendelee.

Najua pia kwamba sasa vijana wanaziomba programu za akili bandia ziwaandikie modeli. Siwakatazi. Zinatoa msimbo safi, pengine safi kuliko wangu. Lakini hazijakaa katika kikao cha kikundi hicho, hazijui kwamba katiba yake inamruhusu mwanachama kununua hisa mwisho tano kwa kikao, au kwamba faini za kuchelewa huingia mfuko wa jamii na si mfuko wa mikopo. Mwenye kujua ni anayeuliza. Kijana aliyefanya mazoezi kwa penseli ataisoma kazi ya mashine na kuona mahali `CASCADE` ilipokaa pabaya. Asiyefanya ataipokea yote.

Kwa hiyo, Mhariri, ninayo maombi yangu, na naomba yawafikie wanaohusika.

Kwa wakuu wa vyuo, vya serikali na vya binafsi: mtihani wa somo hili uwe na sehemu ya kuchora modeli kutokana na maelezo ya shughuli halisi ya hapa kwetu, na alama zitolewe kwa sababu za uchaguzi, si kwa mchoro tu. Shughuli hazikosekani: kituo cha bodaboda, chama cha ushirika cha wakulima wa mkonge au korosho, kliniki ya mama na mtoto, maktaba ya madrasa. Wenye uwezo wa kompyuta moja kwa wanafunzi wanne, kama sisi, hatuna kisingizio, maana karatasi zipo.

Kwa wazazi na walezi wanaolipa ada: mwombeni kijana awaeleze mchoro wake kwa Kiswahili, mezani. Mama aliyekaa kikobani ataona kasoro ambayo mwalimu hakuiona. Mwanafunzi wangu mmoja alirekebishwa na mama yake kuhusu marejesho: alikuwa ameweka safu moja ya "salio" na kuibadilisha kila fedha inapolipwa. Mama akamuuliza, "Sasa mtu akibisha kwamba alilipa, utamwonyesha nini?" Kesho yake kulikuwa na modeli ya Rejesho, kila malipo na mstari wake, na salio likawa linakokotolewa.

Kwa makatibu wa vikundi: mkiombwa na mwanafunzi akae kwenye kikao ajifunze, mruhusuni, ila msimpe daftari lenye majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa zao. Kijana achukue kanuni, majina ayatunge mwenyewe. Nasi walimu tusikubali kazi ya darasani yenye namba za simu za watu halisi, hata kama ni za shangazi yake mwenyewe aliyeridhia kwa mdomo.

Na kwa kurasa zenu za teknolojia, ambazo wanafunzi wangu wanazisoma kwa hamu: simu mpya mnatuandikia vizuri, endeleeni. Tupeni na zoezi moja la namna hii kila baada ya muda, kwa Kiswahili, lenye maelezo ya shughuli na maswali yake, wasomaji walete michoro yao.

Anayetaka kuanza hata kesho, aandike modeli tatu tu: Mwanachama, Mkopo, Udhamini. Aingize wanachama watano na mikopo miwili, mmoja uwe umelipwa na mwingine haujalipwa. Kisha ajaribu kumfuta mdhamini wa ule ambao haujalipwa, kwanza akiwa ameweka `CASCADE`, halafu `PROTECT`, na kila mara ahesabu mistari iliyobaki katika kila jedwali.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa programu za kompyuta,
Tanga